Kofia ya Babu Thani

Bibi yangu Ghaliya ana miaka themanini na mbili na bado anashona kofia hapa Hail, Arabuni. Kila Ijumaa kaka yake, Babu Thani, huja kula wali wetu, kisha huvua kofia aliyoshonewa na Bibi akatuonyesha kovu la kichwani. Ati katika fujo za uchaguzi Unguja, mwaka wa sitini na moja, vijana wa chama kingine walimvamia kwa marungu. Kila mwaka marungu yanazidi.

Ijumaa iliyopita Bibi aliitupa sindano.

"Muongo we, Thani!" Tangu nizaliwe sijamsikia akimwita bila ya "kaka". "Wenye marungu mlikuwa nyinyi. Mashati yenu ya chama nliyashona mie, Mungu anisamehe. Hilo kovu ulianguka na baskeli utotoni, mie umenipakia nyuma."

"Umezeeka, unasahau."

"Nnasahau nlichokula jana. Shati lako la siku ile nlilifua mie. Mikono yake ilijaa damu, ukosini hamna hata tone."

Babu Thani akavaa kofia, akainuka.

"Kofia yangu iwache hapa," Bibi akasema. "Leo utatoka kichwa wazi."