Mwajabu na Dungu la Mtu Mmoja

Mfaume alimtoa Muhidini chuo cha Kurani kwa uongo, akampeleka kubeba mizigo ya askari wa Mdachi mahali pa mwanawe wa kumzaa. Muhidini alikuwa mtoto wa marehemu nduguye. Mama wa mtoto, Mwajabu binti Mtoro, hakuulizwa wala hakuambiwa. Alikuwa bondeni, juu ya dungu, akiamia ndege.

Watu wa Ruaruke wanajua dungu ni nini. Mpunga ukianza kutoa masuke, nyumba zote hufungwa, watu wakahamia mashambani, wakalala juu ya vichanja virefu ili mafuriko yapite chini yao. Mchana ni ndege, usiku ni nguruwe. Kazi ya ndege ni ya watoto: wao ndio wenye sauti, wao ndio wenye mikono myepesi ya kombeo. Mwenye mtoto mmoja asipompandisha dunguni, huyo huonekana hana akili.

Mwajabu hakumpandisha. Mumewe alipokufa, alimpeleka mwanawe Bungu, kwa Mwalimu Abdulkarimu, akamwambia mwalimu, "Huyu sitakuja kumwomba wakati wa ndege, wala wakati wa kuvuna. Mpaka ahitimu." Kisha akaongeza neno ambalo kila mjane wa kule angeliongeza: "Mimi nikiwa mbali, baba yake mdogo yupo. Atakalosema Mfaume ni kama nimesema mimi."

Basi akaamia peke yake. Zabibu, aliyekuwa na dungu shamba la pili, alimpigia kelele juu ya maji:

"Weye Mwajabu! Mwanao yuko wapi, ndege wanakumaliza!"

"Yuko chuoni!"

"Ndege hawamjui mwalimu, mwenzangu! Mlete aje awasomee hawa, labda watasikia!"

Wanawe Zabibu wakacheka. Mwajabu naye alicheka siku za mwanzo. Baadaye sauti ilimkauka, akawa anagonga debe tu. Siku ikapita, na nyingine ikapita, hajasema na mtu. Jioni alipika uji wake kwenye jiko dogo la udongo mle mle dunguni, akaula akitazama madungu ya wenzake yenye moto na makelele ya watoto.

Kila msimu mpunga wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote. Katika huo mdogo, fungu la kwanza lilikwenda Bungu. Alimpelekea mwalimu mchele, akamkatia mke wa mwalimu kuni, ili mtoto asitolewe darasani kwenda kuzitafuta. Kisha alimketisha Muhidini uani, akamwambia, "Nisomee." Yeye mwenyewe hakujua alifu. Alisikiliza pumzi tu. Mtoto akisita, humwambia, "Rudia hapo." Muhidini alicheka: "Mama, umejuaje?" Alifurahi kwamba mtoto anadhani anajua.

Vita vilipoanza, watu wa milima ya kusini walikunywa dawa ya maji, na Mdachi akaja na askari wake. Mwaka wa pili, mpunga ukiwa umechanua, jumbe alitangaza kwamba kila mlango utoe kijana mmoja wa kubeba mizigo kwenda Umatumbini, kwenye milima ile. Mlango wa Mfaume ulikuwa na kijana, Nassibu, mrefu na mwenye mabega. Mfaume akashika njia ya Bungu. Akamwambia mwalimu, "Mama yake yu hoi, anamtaka." Mwalimu akafunga kitabu cha mtoto, akamruhusu. Muhidini alikuwa amebakiza juzuu mbili.

Mwajabu alivuna, akapura, akajitwika mchele mpya hadi Bungu. Mwalimu alipomwona, alishangaa.

"Umepona, Binti Mtoro?"

"Nimepona nini, mwalimu?"

Pale pale alitua kikapu. Hakukaa kunywa maji.

Alimkuta Mfaume barazani kwake, Nassibu kando yake anakula muhogo.

"Shemeji, mwanangu yuko wapi?"

"Kaa kwanza, shemeji."

"Sikai. Yuko wapi?"

"Amekwenda na askari. Atarudi. Na usinitazame hivyo. Mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu. Nilitakiwa kutoa mwana, nimetoa mwana."

"Una wana wawili, basi. Mbona uliyemzaa yupo, anatafuna?"

Nassibu aliacha kutafuna. Mfaume akasema, "Huyu hana chuo. Yule ana elimu, Mungu atamlinda." Wazee waliokuwapo wakaitikia, "Kweli, kweli," wakamwomba Mwajabu asimkosee adabu mkubwa wa ukoo.

Wapagazi waliorudi walirudi bila Muhidini. Walisema alihara damu huko milimani, akafa, wakamfukia kando ya njia. Mwajabu akauliza ni nani aliyemsomea. Katika kundi lile lote, aliyejua kumsomea maiti alikuwa yeye mwenyewe marehemu.

Vita vilipokwisha, Mfaume alimpeleka Nassibu Bungu, kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Alipohitimu, palipigwa dufu, akavishwa kanzu, akazungushwa kijiji kizima. Mfaume alimtuma mtu kumwita Mwajabu aje kusaidia kupika, kwa kuwa ni mama mkubwa wa mtoto. Mwajabu akamwambia yule mjumbe, "Mwambie niko dunguni." Haukuwa msimu wa dungu, mjumbe alijua. Mwajabu hakwenda.

Zabibu hamtanii tena. Akipita huinamisha kichwa, na hilo Mwajabu analichukia kuliko yale makelele ya zamani, maana sasa hana hata wa kumjibu. Analima kile kile kishamba, analala peke yake juu ya maji.

Mwalimu Abdulkarimu bado anadaiwa juzuu mbili. Azisome yeye mwenyewe, kwa jina la Muhidini, mbele ya wanafunzi wake, na awaambie kwa nini. Mfaume anadaiwa kusimama msikitini Ijumaa, watu wakiwa wamejaa, aseme: mama yake hakuwa mgonjwa, nilisema uongo, nilimtoa huyu ili wangu abaki. Kila Ijumaa anakaa safu ya mbele, anasali, anavaa viatu, anakwenda zake nyumbani.