Kibuyu cha Mama Nilikiacha kwa Soja

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si marafiki, si pombe. Ni mimi na akili zangu. Jina langu msiliandike tafadhali, maana Nakuru ni ndogo na mama yangu anajulikana sokoni.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Section 58. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akanilea peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, bomba la maji tukishirikiana na majirani. Aliuza mboga mpaka nikamaliza chuo. Sasa nafanya kazi ofisini, navaa shati lililopigwa pasi, na hapo ndipo ujinga ulipoanza.

Mchumba wangu nitamwita Nafula, ingawa si jina lake. Wazazi wake asili yao ni magharibi mwa Kenya, lakini wanaishi Milimani, kwenye nyumba ya geti na miti mirefu. Tulipokubaliana kuoana, baba yake aliomba jambo moja tu. Kabla ya mazungumzo yoyote ya ndoa, yeye na mkewe waje waone binti yao anaingia mlango gani, na wale chakula cha mama yangu. Huo ndio utaratibu wa wazee, wa kwao na wa kwetu pia.

Mama alifurahi, jamani! Alipaka ukuta rangi kwa mikono yake mwenyewe. Aliazima viti kanisani. Akaanza kutengeneza mursik, yale maziwa yanayoganda ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, ambayo sisi Wakalenjin humpa mgeni wa heshima kabla ya kitu kingine chochote.

Na mimi? Mimi nilikuwa nawaza lile bomba! Nilimwona kichwani mwangu baba Nafula akiruka maji machafu ya pale bombani na viatu vyake vinavyong'aa. Nikaona aibu, aibu ya kijinga kabisa, kuonea aibu nyumba iliyonilea.

Kwa hivyo nikadanganya. Nafula nikamwambia mama anaugua kidogo, hawezi kupika, tutakula mjini. Halafu asubuhi ya siku yenyewe nikaenda kumwambia mama kwamba wageni wameomba chakula cha Kichina.

Kuku wawili wa kienyeji walikuwa tayari wako jikoni. Chapati zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa kipya.

"Wameomba wenyewe?" mama akauliza.

"Ndio, mama. Hao ni watu wa Milimani. Wamezoea vitu kama hizo."

Hakubishana. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua kibuyu chake.

"Basi hata kama ni Kichina," akasema, "maziwa hawawezi kosa."

Kuna barabara moja mjini imejaa hoteli za chakula, na tatu kati yake ni za Kichina. Nilikuwa nimejigamba kwa Nafula kwamba nazijua zote. Uongo mwingine! Kichina nilikuwa nimekionja mara moja tu, kwenye harusi ya bosi wangu.

Tulikutana pale saa saba mchana, jua la utosi: mimi na mama, na wazazi wa Nafula bila binti yao. Mama Nafula akamshika mama yangu mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Tulisikia umekuwa mgonjwa."

Mama akanitazama. Alinitazama kidogo tu, lakini niliona ameelewa kila kitu. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Nilikuwa," akasema. "Saa hii niko sawa. Asante sana."

Hapo ningetubu! Hapo hapo ningesema, "Wazee wangu, nimedanganya, twendeni nyumbani, kuku wako jikoni." Sikusema. Nikawaongoza barabarani kama mwongoza watalii na wageni wake.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na meza za plastiki na ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Wachina wenyewe walikuwa pale wakila kwa kelele, na harufu ya tangawizi ilitufikia nje.

"Hapa panakaa pazuri," baba Nafula akasema. "Ukiona mwenyewe anakula kwake, jua kuna chakula."

"Hapana, mzee," nikajibu. "Hapa ni pa vibarua wa mjengo."

Ya pili ilikuwa imebandika picha za vyakula ukutani, nikasema picha ni ushamba. Tukapanda barabara, tukashuka, wazee wanne... samahani, wazee watatu, maana baba yangu hayupo, wakifuata kijana asiyejua anakoenda. Mama alikuwa nyuma kabisa na kibuyu chake kifuani.

Nikachagua ya tatu. Taa nyekundu za karatasi, simba wawili wa mawe mlangoni, samaki wa rangi ya dhahabu kwenye tangi la kioo. Ndani hapakuwa na mtu hata mmoja! Hata dereva wa lori kule Salgaa, kwenye kituo cha malori, hasimamishi lori mbele ya hoteli ambayo haina lori lingine. Mimi na digrii yangu nikaona huo utulivu ni heshima.

Soja anayelinda hoteli akamzuia mama mlangoni.

"Mathe, chakula ya nje hairuhusiwi."

"Ni maziwa tu, kijana."

Nami nikasema, "Mama, si uachie tu soja? Unatuaibisha, bana."

Nilisema hivyo! Mbele ya wakwe! Mama akamkabidhi soja kibuyu, akaingia mikono mitupu.

Menyu sikuielewa. Nikachagua kilichokuwa na jina refu la kifahari, jina la ndege wa ajabu, nikidhani nitawafurahisha. Tukangoja sana. Ikaja miguu ya kuku! Kucha na vidole, vimelowa mchuzi mwekundu!

Kama hujui, kwa watu wa magharibi kuku ndiye heshima yenyewe. Mkwe huwekewa firigisi. Miguu hupewa watoto wakacheze nayo nyuma ya jikoni. Na mimi nilimwekea baba mkwe sahani nzima ya miguu, wakati kuku wawili wazima walikuwa wanapoa Section 58.

Mzee hakukasirika. Aliomba baraka kwa sauti ya chini, akala kidogo kwa uma tambi zilizoletwa pamoja nayo. Kisha akauliza kwa upole, "Na kile kibuyu cha maziwa mama alikuwa amebeba, kilikuwa cha nani?"

"Ah, hiyo ni ya mtu, mzee," nikasema haraka. "Alikuwa tu anampelekea."

Mama akainua macho kutoka kwenye sahani.

"Ndio," akasema. "Ni ya mtu."

Mara mbili kwa siku moja mama yangu alibeba uongo wangu mbele ya wageni wake.

Tulipotoka, soja akamrudishia kibuyu. Mama akamwambia, "Kunywa wewe, kijana. Umenitunzia vizuri." Soja akanywa, akapangusa midomo, akasema, "Mathe, hii ni maziwa ya wageni kabisa!" Baba Nafula alikuwa amesimama hapo hapo, akitazama.

Kesho yake Nafula akanipigia simu akilia.

"Baba anasema hajafika kwenu. Anasema alikuja kuonyeshwa nyumba, akaonyeshwa menyu. Na usimwalike tena wewe. Atakuja siku mama yako atamwita mwenyewe."

Ni miezi sasa. Harusi haijatajwa tena. Nimemwendea mama mara tatu nikapiga magoti. Hanigombezi, na laiti angenigombeza! Ananiwekea chai, anakaa karibu nami.

"Nimekusamehe, kijana yangu," aliniambia mara ya mwisho. "Lakini nikiwaita hao watu, niwaambie nini? Niwaambie nimepona?"

Nikatoka nikaosha kikombe changu pale bombani.

Wewe kijana unayesoma hapa, unayeona nyumba yenu ni ndogo mno kwa wageni wako, nisikilize. Kama mama amepika, wapeleke wageni kwa mama! Waruke hayo maji machafu, wakalie viti vya kuazima. Wao wanamtafuta aliyekulea, na wewe unawatafutia taa za karatasi!

Kibuyu kimetundikwa kwenye msumari, kwenye ule ukuta aliopaka rangi. Kila nikiingia natazama kwanza kama amekishusha atengeneze maziwa ya wageni.