Bafu Lililopumua

Nyumba tuliyopewa Kamembe, upande wa Rwanda, tulipovuka kutoka Bukavu, ilikuwa na bafu la ndani. Wenyewe walikimbia. Hatukuwajua na hatukuuliza. Juma la kwanza tu bafu likaanza kunuka, na miaka hii, baada ya mauaji, kila mtu anajua harufu ya namna hiyo inasema nini: maiti. Jirani yetu, mama muuza maharage, alisimama mlangoni akaziba pua kwa kitenge.

"Maman, humu muko bantu. Funga!"

Maman, mama yangu, akafunga. Tukawa tunaogea uani, nyuma ya bati. Hakuna aliyemwaga hata tone humo ndani. Tuliona ni heshima kwa marehemu. Harufu ikazidi.

Na kulikuwa na sauti. Maman akimwaga beseni la maji ya vyombo jikoni, tundu la sakafuni bafuni lilikuwa linameza: glu, glu. Baada ya kufunga mlango ikageuka pumzi, ndefu na kavu. Nitasema ukweli: siku moja nikiwa peke yangu niliinama penye upenyo wa mlango nikasema, "Pole." Kisha nikamwaga maji jikoni. Likavuta pumzi.

Maman akachoka. "Samedi tunarudia Bukavu. Heri nife na risasi, kuliko kulala na bantu sijue."

Kule vita ilikuwa imerudi. Na mimi nilikuwa nimepata nafasi shuleni, benchi la pili, karibu na dirisha. Ijumaa, nikitoka shule, nilikwenda kwa fundi wa mabomba, mzee wa Kiislamu karibu na soko, nikasimama nikitazama koki zake za maji.

"Binti, unakuja kununua robine ao kuiangalia tu?"

"Nyumba yetu inapumua," nikasema.

Akaja. Maman akamzuia mlangoni: "Mzee, usiingie bila kusali."

"Nimetoka kusali, Maman. Lete maji."

Alimwaga jagi zima kwenye tundu. Tukangoja. Harufu ikakatika, kama sufuria iliyofunikwa.

"Huku chini bomba imepinda, kama shingo ya bata. Maji inakaa pale, ndiyo kifuniko. Ikikauka, harufu yote ya shimo inapanda. Munaogopa kumwaga maji, na ni maji tu ilikosekana."

Maman akaketi kwenye kizingiti. Mimi ndiye niliyeuliza: "Na pumzi?"

"Maji ya jikoni ikishuka inataka hewa nyuma yake. Hewa inatokea juu, kwa bomba ya paa. Juu kukizibwa, inaivutia hapa, na kifuniko chenu inaenda nayo."

Akapanda paa na waya. Alivuta muda mrefu. Aliposhuka hakuwa na mzaha tena: mkononi alikuwa na sweta ya mtoto, ya bluu, ya shule, imesokotwa ngumu kama kamba.

"Hii si upepo," alisema. "Ni mukono ya muntu ndiyo iliingiza hii."

Alinawa mara mbili, akaenda zake.

Maman alimwaga beseni jikoni. Bafuni kimya. Akamwaga la pili. Kimya. Jumamosi, ile Samedi yake, hakufunga mizigo. Alifua ile sweta akaianika uani, kana kwamba mwenyewe angekuja kuichukua.

Sasa kila asubuhi, kabla ya shule, ninamwaga kopo moja kwenye lile tundu, ninasikiliza, halafu ninatoka. Sweta ilikauka siku ile ile. Wiki tatu zimepita, na hakuna aliyeianua.