Chokaa ya Ndani

Tangu asubuhi fundi anapaka chokaa chumbani kwangu, na ile harufu yake mbichi imenirudisha utotoni, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge nje ya Korogwe.

Tulikuwa tumemzika mdogo wangu. Mama akawa hali chakula, hasemi, hachani nywele. Kisha Mzungu wa shamba akagawa chokaa ili kila nyumba ipakwe nje. Mama akaiingiza ndani. Akaponda ncha ya jani la mkonge ikawa brashi, akachora watu ukutani, wamefuatana, wote wameelekea kitandani kwake.

"Wanakwenda wapi, mama?"

"Wanakuja."

Kila nikiamka walikuwa wameongezeka. Baba alitaka kuwafuta, bibi akamkatalia.

"Mwache. Tangu aanze kuwachora hao, uji anakunywa." Akaketi karibu na mama, akautazama ukuta. "Ila wageni hawa, mwanangu, hujawachorea mlango wa kutokea."

Mama akachora mlango. Akawafuta mmoja mmoja kwa kitambaa, akawachora upya wakiuelekea. Kesho yake akajifunga kanga, akatwaa mtungi, akaenda mtoni.

Nikabaki na ukuta. Wote walikuwa wamenipa mgongo, isipokuwa mmoja mdogo, ameketi pembeni, ananitazama.

Mama aliporudi nikamwonyesha. Akatua mtungi.

"Huyo amekataa kwenda," akasema, akawasha moto apike.

Fundi ananiita sasa. Anasema ukuta mzima umekauka, ila pale chini pembeni, kwenye kimo cha mtoto aliyeketi, chokaa haishiki.