Betri Nne za Lori

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumwona amevaa suruali isiyo na matundu. Ni tindikali ya betri hiyo. Inarukia kitambaa na huoni kitu, ukifua mara mbili suruali inageuka chekecheke. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo viraka vyote vilikuwa vyangu, na shukrani niliyopata ni kuambiwa kwamba uzi wangu ni wa kubabaisha.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, nyuma ya kituo cha mafuta. Mita ya kupimia umeme alikuwa nayo, ila kazi yake ilikuwa kukandamiza karatasi zisipeperuke. Betri aliipima kwa spana. Anaigusisha kwenye vichwa viwili vya betri, kufumba na kufumbua, anatazama cheche. Ikiwa ya buluu na ina mlio, betri ni nzima. Ikiwa nyekundu na imelegea, betri imekwisha. Madereva wa malori walikuja kutoka mbali kwa ajili ya spana ile, na sikumbuki hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Dada alifanya kazi miaka ishirini kwenye kiwanda cha magodoro, upande wa kusaga sponji, na vumbi lile likamla mapafu. Miaka miwili ya mwisho alikaa chumbani, mrija puani, mashine ya oksijeni imechomekwa ukutani. Mrija ulimfikisha jikoni, haukumfikisha mlango wa nje. Umeme ukikatika, tulikuwa na mtungi mdogo wa akiba wa saa moja. Bila mashine na bila mtungi, daktari alituambia wazi, tuhesabu dakika.

Siku moja dada akasema, "Nataka kulala mahali ninapoona maji. Siku mbili tu. Nimechoka kuangalia kabati."

Maji aliyoyataka yalikuwa ya bwawa moja, mwendo wa saa mbili kwa gari, mahali pasipo na nyumba wala nguzo ya umeme. Mimi nikacheka. Shemeji hakucheka. Wiki iliyofuata alikuja na tela dogo la kulala alilolitoa kwenye vyuma chakavu vya kampuni ya barabara. Lilikuwa na kitanda kimoja, dirisha moja, na harufu ya panya. Alilisugua, akalipaka rangi, akafunga paneli tatu za sola juu yake. Nikashona mapazia, na kwa mara ya kwanza hakuusema vibaya uzi wangu.

Zikabaki betri. Tulikwenda pamoja kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya sola. Shemeji akamwambia atatumia betri nne za lori alizozifufua mwenyewe.

"Hizo ni za kuwashia injini, mzee," mama yule akasema. "Zinatoa nguvu nyingi mara moja, basi. Ukizikamua mpaka chini mara mbili tatu, umeziua. Chukua za sola."

"Mama, mimi nimezeeka na betri."

"Sikatai. Lakini umezeeka na za magari."

Nilimwona shemeji akikunja uso, nikajua kazi imekwisha. Njiani nilimwambia amsikilize yule mama. Akaniuliza kama yeye huwa ananifundisha kutia uzi kwenye sindano. 

Akazifunga betri zake ndani ya sanduku la chuma chini ya tela, kisha akafanya jambo ambalo fundi mwangalifu ndiye angelifanya. Alizijaribu. Tela likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba, alivuta waya mpaka chumbani, akaiwasha mashine ya dada kwa betri zile mpaka zikaisha kabisa, akairudisha mashine ukutani, akaziacha zijae kwa jua, akazimaliza tena, akazimaliza na mara ya tatu. Mara ya kwanza zilivuka usiku mzima. Mara ya pili na ya tatu hakuangalia saa tena, aliangalia cheche. Na cheche ilikuwa ya buluu, yenye mlio. Majirani walikuja kuona, akawaonyesha kwa spana. Dada alimpigia makofi kutoka dirishani.

Pikapu ilituvuta Jumamosi, ikatuacha pale bwawani saa sita mchana. Dereva angetufuata Jumatatu. Jua lilikuwa la kuchoma, tela ndani kama tanuri, na dada akaanza kuhema. Mimi ndiye niliyesema tela liwekwe chini ya miti. Shemeji alitazama paneli, akatazama uso wa dada, akakubali. Nalisema hili kwa sababu kwa muda mrefu nilisimulia habari hii nikiliruka.

Jioni ile dada alikula kuliko alivyokuwa amekula mwezi mzima. Alikaa mlangoni, mrija umejikunja miguuni, akatazama maji mpaka giza. Alimtania mumewe kwamba amechelewa miaka thelathini kumpeleka fungate. Shemeji alicheka mpaka akakohoa, na wakacheka tena kwa kuwa sasa walikuwa wawili wanaokohoa. Nilikuwa na furaha. Nilimsamehe yule mzee ukaidi wake wote.

Saa moja asubuhi mashine ikapiga king'ora, ikazimika. Mbingu ilikuwa imefunga, mawingu kila upande. Tulimfungulia dada mtungi. Shemeji akaniambia niende kilimani kutafuta mtandao, na nilikwenda mbio na umri wangu huu, kiatu kimoja nikakiacha njiani. Dereva alipokea. Akasema anakuja, lakini ni saa mbili.

Niliporudi, mshale wa mtungi ulikuwa kwenye nyekundu. Tukalisukuma tela litoke mitini, sisi wawili, wazee wawili. Lilisogea hatua tano, gurudumu likazama kwenye tope, ila paneli zikawa nje ya kivuli. Shemeji akaingia chini, akafungua sanduku. Nilisikia spana ikilia.

"Ona, shemeji," aliita. "Cheche hii hapa. Moto upo. Upo!"

Nilipanda ndani. Mtungi ulikuwa umenyamaza na midomo ya dada imebadilika rangi. Alinishika mkono, akapumzika, akasema kwa vipande, "Mwambie mzee atoke huko. Aje akae hapa."

Niliinama mlangoni. "Shemeji, anakuita. Njoo ukae naye."

"Dakika moja. Natenga hizi mbili mbovu. Mwambie dakika moja."

"Njoo sasa hivi."

"Dakika moja tu, nakuomba."

Nilirudi kwa dada, nikamwambia anakuja. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeishi na fundi miaka yote na anaijua dakika moja ya fundi. Aligeuza uso kwenye maji. Niliendelea kumwambia anakuja, anakuja, na sijui ni mara ya ngapi kati ya hizo nilipokuwa nayasema peke yangu.

Haikupita robo saa mawingu yakapasuka, jua likapiga juu ya bati. Kitu kikalia chini ya kitanda, tiki. Mashine ikapiga mlio wake wa kuamka, ikaanza kunguruma, na mrija ukaanza kutoa hewa juu ya mto, pale ulipokuwa umeteleza.

Nilimsikia akitambaa kutoka chini. Alitokea mlangoni akifuta mikono kwenye suruali, tope mpaka kifuani, na uso wake ulikuwa uso wa kijana.

"Umesikia, bibie?" akasema. "Imewaka."

Ilinipasa kumwambia. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini tayari alikuwa amepiga goti kitandani, ameuokota mrija, ameupitisha nyuma ya masikio ya dada, kushoto kisha kulia, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka miwili. Akaukaza puani taratibu, akaketi pembeni yake.

"Nimekuja," akamwambia. "Sasa vuta hewa."