Jiwe la Ukuta wa Kaskazini

Siku niliyovunja jiwe la watu naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na leo utanisikiliza mpaka mwisho. Weka simu chini. Nimesema weka chini! Jana nimekusikia pale mlangoni ukimwambia mwenzako kwamba mnakwenda kupiga plasta "kwenye kibanda cha masanamu", mkacheka mpaka mkashikana mabega. Nilikuwa navua viatu, nikabaki na kiatu kimoja mkononi. Mama yako akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Kumbe nilikuwa nawaka moto, na sikujua hasira ile nikumwagie wewe au nijimwagie mwenyewe, maana maneno yale yale niliyasema mimi, katika Durban hii hii, nikiwa na umri wako.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikuwa vijana sita wa Tanga na Dar tumebanana chumba kimoja South Beach, ghorofa ya tisa, lifti mbovu. Wenzangu walibeba mizigo bandarini. Mimi nilikuwa fundi wa plasta, na sikufichi, nilikuwa fundi kweli kweli. Ukuta wangu ungeupitisha kiganja toka juu hadi chini usikwame popote. Ukiweka pima maji, kile kipovu kinatulia katikati kama kimelazwa. Watu wakinisifu, nami nikazidi kuvimba kichwa. Nilifika mahali nikaona hakuna mtu Durban nzima wa kunifundisha kitu kuhusu ukuta. Ujinga mtupu.

Basi nikapata kazi kwenye hekalu moja la Kihindu, kule nyuma ya Umbilo Road. Lilikuwa dogo, la zamani, linakarabatiwa. Wenyewe ni Watamil wa hapa hapa, mababu zao waliletwa kwa meli kukata miwa. Aliyesimamia kazi alikuwa mzee mwembamba, mweupe wa nywele, mwenye kikohozi kisichokwisha. Wajukuu zake walimwita Thatha, yaani babu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mimi aliniita "Tanzania", kwa sababu jina langu lilimshinda. Tulikuwa mafundi wawili tu chini yake: mimi, na Mkongomani mmoja wa Lubumbashi, mtu mzima, Papa Ilunga, aliyejenga matofali.

Thatha alipima kwa kamba. Wallahi, kamba ya pamba yenye mafundo! Mkanda wa futi alikuwa nao mfukoni na hautoki. Akitaka kujua kimo cha mnara anapima kwanza upana wa kile chumba cha ndani anamokaa Mungu wao, kisha anaikunja kamba mara kadhaa, anahesabu mafundo huku midomo ikimcheza. Nilikuwa namcheka mbele ya uso wake. Nikamwambia, "Thatha, dunia imeendelea." Akahesabu upya kuanzia mwanzo kwa sababu nilikuwa nimempoteza.

Saa ya chai alikuwa anatueleza. Alisema kwa Kiingereza chao cha Durban, mimi nakupa kwa lugha yetu. Alisema hekalu hili la matofali na plasta ni kivuli tu, mwili wenyewe uko kusini mwa India, na ule ni wa jiwe. Aliwahi kwenda mara moja maishani mwake, akayagusa. Mahekalu ya miaka elfu na zaidi, ya jiwe gumu la itale, jiwe juu ya jiwe bila saruji hata tone, uzito wenyewe ndio unaoshikilia. Akachora mchangani kwa kijiti: hapa lango, juu yake mnara umejaa michongo, hapa ukumbi wa nguzo, halafu kila unavyoingia ndani dari linashuka, mwanga unapungua, mpaka unafika kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha hata moja. Wao wanakiita tumbo. Giza lile si kwamba wajenzi walisahau madirisha, alisema. Walilijenga giza kwa makusudi, ili mtu akifika pale awe ameacha nyuma kila kilichomshughulisha macho.

Papa Ilunga alikuwa anauliza maswali. Walipandishaje mawe yale bila kreni? Thatha akamwambia wazee wake walisimulia kwamba walijaza udongo pembeni kama mlima, wakayavuta juu yake, wakimaliza wanauondoa udongo wote. Papa Ilunga akapiga mluzi, "Ee, bale bantu!" yaani, watu wale! Mimi? Nilikuwa natafuna bunny yangu, ule mkate wa Durban uliojazwa mchuzi, na kutazama robot, taa ya magari, kule barabarani ikibadilika rangi. Masikio yangu nilikuwa nimeyafunga mwenyewe. Nilikuwa najiambia, haya ya makafiri yananihusu nini, mimi nilipwe nikaswali Ijumaa yangu. Nafsi yangu ile ya wakati ule, mwanangu, ningeikuta leo njiani ningeichapa makofi.

Sherehe ilikuwa Jumapili. Kwa desturi yao, hekalu likishakarabatiwa hulizindua upya kwa maji: yanamwagwa juu ya mnara, kisha Mungu wao anaogeshwa kule ndani kwa maji, maziwa na manjano. Ndugu zao walikuwa wanakuja hata toka Pietermaritzburg. Wakati wa kazi Mungu mwenyewe, yaani ile sanamu yake, walikuwa wamemhamishia kwenye kibanda cha pembeni, chumba kikawa kitupu ili mafundi tuweze kuingia.

Alhamisi Thatha alikwenda Chatsworth kufuata vyungu vya shaba vya kuweka kileleni mwa mnara. Kabla hajapanda gari akaniambia, "Tanzania, leo piga plasta ukuta wa kaskazini wa kile chumba, kwa nje. Ukikuta kitu usichokijua, nisubiri."

Nisubiri. Neno moja hilo tu. Sasa nieleze wewe, nini kigumu katika neno hilo?

Nilipobandua plasta ya zamani, chini kabisa, karibu na msingi, nikakuta tundu, na kwenye tundu limetokeza jiwe. Jeusi, refu kama mkono wako hadi kiwiko, limechongwa mfereji katikati, na mdomo wake kama wa ng'ombe. Limejaa masizi na mafuta ya miaka. Ukuta mzima ulikuwa matofali, hilo peke yake ndilo jiwe. Nami nikaona nini? Nikaona uchafu. Nikaona njia ya panya. Nikaona kitu kitakachoniharibia ukuta wangu usinyooke. Nikachukua nyundo na tindo.

Papa Ilunga akaniona toka juu ya jukwaa. "Petit, kijana, apana piga ile! Iko na kazi yake. Ngoja muzee."

Nikamjibu kwa kibri, "Papa, wewe jenga matofali yako."

Halikuvunjika kirahisi. Lingekuwa na mdomo wa kusema lingesema, jinsi lilivyonikatalia. Nililipiga mpaka jasho likaingia machoni, likatoka vipande vitatu. Tundu nikaliziba kwa saruji. Vile vipande nikavitupia kwenye kifusi tulichokuwa tunajaza chini ya ngazi mpya ya mbele, nikamwagia zege juu. Kisha nikapiga plasta. Mwanangu, ule ukuta ulikuwa mzuri. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ulikuwa mzuri na mimi nilisimama mbele yake natabasamu.

Thatha alirudi alasiri. Alishuka na chungu kimoja kifuani, kakikumbatia. Akapita upande wa kaskazini, akasimama. Akaweka chungu chini taratibu, akaenda kupapasa ukuta kwa kiganja, chini pale, anatafuta. Nikadhani ananisifia ulaini.

"Liko wapi?" akauliza.

"Lile jiwe? Nimelitoa, Thatha. Na tundu nimeliziba."

Akanishika mkono. Mzee yule wa kikohozi, vidole vyake vilinibana kama koleo. Akanivuta mpaka mlangoni, akaniambia vua viatu, akaniingiza ndani ya kile chumba. Kweli lilikuwa giza, na joto, na harufu ya mafuta ya taa zao. Akachukua ndoo ya maji akaimwaga yote sakafuni. Tukasimama. Maji yakaenda kaskazini, maana sakafu ilijengwa ielekee huko, yakagonga ukuta, yakageuka, yakaturudia miguuni. Yalikuwa ya baridi. Hayakuwa na pa kwenda.

"Jumapili tunamwosha Mungu wetu hapa," akasema, sauti inamtetemeka kwa hasira. "Maji yake matakatifu yataenda wapi? Watu wanayasubiri kule nje kwa viganja. Kila hekalu la jiwe kule kwetu lina mdomo wa maji upande wa kaskazini, miaka elfu. Wewe umeuziba wa kwetu kwa asubuhi moja!"

Nikaanza kusema sikujua. Akanikata.

"Wewe ni Mwislamu. Msikitini kwenu pale mbele kuna kibla, kile kishimo cha ukutani anaposimama imamu. Mimi sijui maana yake yote. Je, nikija kupiga plasta kwenu, nikaona ni shimo tu, nikalijaza saruji ukuta ukanyooka, utaniambia asante?"

Aisee. Nilihisi kama amenimwagia ile ndoo kichwani. Kibla cha msikiti wetu kule Tanga, nilichokaa mbele yake na babu yangu tangu sijajua kusoma! Nikakiona kimezibwa, laini, kipovu kimetulia katikati.

Halafu akaniambia habari ya lile jiwe, na hapo nilitamani ardhi inimeze. Babu wa babu yake alikuwa mchonga mawe wa kurithi, wa ukoo uliojenga mahekalu. Huku walimpa panga akate miwa. Kandarasi yake ilipokwisha wakajenga hekalu kwa walichokuwa nacho, udongo na bati, baadaye matofali. Mzee yule akatafuta jiwe moja, akalichonga siku zake za mapumziko mpaka akafa amechonga hilo hilo tu. Ndilo jiwe pekee. Kila walipobomoa na kujenga upya walilihamisha kwa mikono. "Hekalu zima hili," Thatha akasema, "ni plasta iliyolizunguka jiwe lile."

"Nisamehe, Thatha," nikasema.

"Samahani yako haichongi jiwe. Liko wapi?"

Ikabidi nimwambie. Chini ya ngazi. Mahali watu wanapokanyaga na viatu. Alinitazama, na nakuapia ningependa anipige kuliko macho yale.

Ijumaa sikwenda kuswali. Kutwa nzima nilivunja ngazi ile kwa mikono yangu, Papa Ilunga kando yangu anapokea mawe anayaangalia moja moja. Vipande viwili tulivipata. Cha tatu, ule upande mmoja wa mdomo, kilikuwa kimesagika, hatukukipata kamwe. Jumamosi Thatha alinitobolesha ukuta wangu mwenyewe, tukalirudisha jiwe. Nilichanganya saruji laini ya kuziba ufa usionekane. Akanipiga kwenye kifundo cha mkono, mwiko ukaanguka.

"Acha uonekane," akasema. "Unataka kuwadanganya na wajukuu?"

Jumapili ikafika. Nilisimama uani miguu mitupu, mgeni peke yangu pamoja na Papa Ilunga, ngoma zao zinalia, kinamama na maua vichwani. Maji yakamwagwa juu, Mungu wao aliyerudishwa chumbani akaogeshwa, kisha maji yakaanza kutoka kwenye jiwe. Yalitoka, mwanangu, nikashukuru Mungu kwa sauti. Lakini yalitoka kombo. Kwa kuwa upande mmoja wa mdomo haupo, nusu iliangukia viganja vya watu na nusu ikatiririka ukutani, kwenye plasta yangu ile nzuri, ikaacha mchirizi wa maziwa na manjano. Bibi mmoja mzee akauliza ni nani aliyelivunja. Thatha akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Huyu," akasema. Sikukimbia. Bibi akanitazama sana, akakinga viganja vyake pale maji yanapoangukia, akanywa, akapita.

Baadaye naondoka, Thatha akaniita. Nikadhani sasa atanisamehe. Hapana. Alisema hivi tu, "Jumatatu njoo mapema. Bado kuna kuta." Nilimfanyia kazi miaka mitatu mpaka kikohozi kilipomchukua, na neno la kunisamehe hakuwahi kulitamka. Lakini ile kamba ya mafundo alinifundisha kuisoma, na alipokufa ikabaki mikononi mwangu. Unaiona pale juu ya kabati. Siku zote unaniuliza ni ya nini, nami nakwambia usiiguse.

Sasa sikia ninalokutaka, nami sitarudia. Nyumba ya ibada ya mtu usiingie na kicheko, hata kama huamini anachokiamini. Sikukwambia uamini. Imani yako shika kwa mikono miwili. Ila kila tundu ukutani, kila jiwe, kila giza, kuna mtu aliyeliweka akiwa na sababu, na sababu hiyo ni kubwa kuliko pima maji yako. Usichokijua, uliza. Ukiambiwa subiri, subiri, hata jua lizame na kazi haijaisha.

Kesho unakwenda Umbilo. Nimemuuliza bosi wako ni hekalu gani, na ni lile. Zunguka upande wa kaskazini. Chini utaliona jiwe jeusi lenye ufa na mdomo wa upande mmoja, na ukuta chini yake una doa ambalo halijawahi kutoka kwa rangi yoyote. Usilichokonoe. Wenyeji wakikusimulia kwamba kuna mpumbavu aliyelivunja zamani, usicheke nao, na usikae kimya. Waambie, "Ni baba yangu."

Nenda, mwanangu, Mungu akupe mkono mzuri kuliko wangu, na akutie swali mdomoni kabla hujainua nyundo. Na hiyo kamba ichukue kesho, uwarudishie. Ilikuwa ya kwao.