King'ora Hakina Ndugu

Dada yangu ni mlinzi wa malango ya bwawa, na mimi nalima nyanya chini yake, ukingoni mwa mto. Kazi yake ina sheria moja inayoniudhi: mlinzi hawapigii simu jamaa zake kuwaonya mapema. Anayeishi bondeni, awe ndugu au adui, husikia king'ora kile kile, kisha maji.

Msimu ule wa joto king'ora kililia mchana kweupe, jua likipasua mawe, nyanya zangu ndiyo kwanza zinaanza kuiva. Nilipanda kilima mbio hadi kwake langoni.

"Unamwaga maji na jua lote hili? Una akili timamu kweli?"

Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani wa lango. "Watu wa hali ya hewa wamepiga simu. Bahari ya mbali imepata joto kupita kawaida. Ikiwa hivyo, mvua inayofuata huzidi kwetu. Na bwawa limejaa tayari. Nisipolipunguza sasa, ukuta hautahimili."

"Bahari yenyewe umewahi kuiona?"

"Sijaiona."

"Na nyanya zangu je, umeziona?"

"Nimeziona, mdogo wangu." Akaendelea kuzungusha.

Shamba likaenda na maji. Kisha, kama kwa kutukomoa, mbingu zikabaki nyeupe. Bwawa likashuka, mabomba ya mjini yakaanza kukohoa, na watu wakampa jina: Mama Bahari. Sokoni walimuuliza kama samaki wake wameshafika. Nami nilicheka nao, tena kwa sauti. Mkubwa wake kazini alimwambia mvua isiponyesha, akabidhi funguo. Shemeji, mumewe, akanidokeza kuwa dada hagusi chakula.

Mvua ilipokuja haikubisha hodi. Ilinyesha mpaka barabara zikawa mito, na bwawa likapanda, likapanda, likafika shibiri moja chini ya ukingo wa ukuta. Hapo ndipo lilipotulia. Bondeni hakuzama hata kuku.

Nilimkuta dada juu ya ukuta, amelowa chapachapa, anatetemeka, macho bado kwenye maji.

"Mvua isingekuja," akaniuliza, "ungenisamehe?"

Nilitaka kumdanganya.

"Nisingekusamehe," nikasema. Nikamvua koti lake lililolowa, nikamvika langu.